Konokono na Simba-Moto

Akram ni mtu wa mdomo. Hata kwa matanga hawezi kukaa kimya. Lakini leo, kwa kibanda cha kuchaji simu pale Koboko, mdomo ndio ulikuwa adui yake.

Concy alitoka Arua na Simba-Moto, mnyama wake wa mchezo wa simu, levo tisini. Akram alikuwa na konokono, levo kumi na mbili, amefuga kwa simu tangu aache shule. Walipatana hivi: anayeshindwa anaachilia mnyama wake porini, na hatampata tena.

Zamu ya kwanza konokono akatema sumu. Sumu hiyo inakula simba pole pole, lakini Concy akimtoa simba aweke mnyama mwingine, inakwisha. Kwa hivyo Akram alikuwa na kazi mbili tu: kuficha konokono ndani ya gamba, na kunyamaza.

"Toka nje, mwoga!" Concy akacheka. "Watu ya Koboko iko hivi? Kujificha tu?"

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Jibu lilikuwa tayari kwa ulimi wa Akram, kali kabisa. Lakini akijibu, Concy ataacha kucheka, ataangalia, ataona uhai wa simba umebaki uzi tu. Akauma ulimi, akabonyeza gamba tena.

"Gonga yeye, simba yangu!"

Simba akainua mguu, akaanguka mwenyewe.

Concy akatikisa simu. "Nani alipiga yeye?"

"Sumu, dada. Tangu zamu ya kwanza iko inakula yeye, na wewe uko unacheka. Sasa achilia."