Gesi ya Friji ya Tatu

"Bado uko kwenye friji ya tatu?" Kaka mtu aliingia karakanani na koleo mkononi, uso kaukunja kama karatasi.

"Bado," alisema dada mtu, macho kwenye geji. Mpira mwembamba ulikuwa ukinyonya gesi kutoka friji kuukuu na kuiingiza mtungini. Friji moja, dakika arobaini. Zilibaki friji ishirini na saba, na mwenye hoteli aliyezileta zitolewe gesi angekuja saa kumi kukagua kazi.

"Mimi nakata bomba, chwiii, imekwisha! Gesi inakwenda zake."

"Zake wapi?"

"Juu. Kwani wewe ndiye askari wa mbingu?"

Dada mtu alikuwa amejifunza ufundi mwenyewe, kwa vitabu vya mitumba, na hakuzoea kujibu haraka.

"Juu huko kuna tabaka la ozoni, kaka. Linachuja miale mikali ya jua, ile inayounguza ngozi, inayotia macho ukungu na kudumaza mimea michanga. Gesi hii ya zamani ikifika huko, chembe moja tu ya klorini yake inaharibu maelfu ya chembe za ozoni. Siku hizi haitengenezwi tena, na tabaka limeanza kupona. Iliyobaki imo humu, kwenye friji kuukuu kama hizi."

"Msikieni profesa wa spana!" Aliinamia friji ya nne, akamkazia macho mdogo wake, akabana koleo. Gesi ikapiga mluzi, mafuta yakatapakaa sakafuni. "Haya, mbingu imeanguka? Mbona sijaumia kichwa?"

Dada mtu alirudisha macho kwenye geji.

"Sikiliza. Ukate kama mimi, au ushike njia. Karakana baba aliniachia mimi."

Dada mtu alingoja mshale wa geji ushuke mpaka mwisho, akafunga mtungi, akafuta mikono. Kisha akavuta stuli, akapanda, akaangua ukutani cheti cha kunasa gesi. Kilikuwa na jina lake peke yake, na mwenye hoteli aliwapa kazi baada ya kukisoma mara mbili.

"Unafanya nini?"

"Nashika njia."

"Hicho kiache! Yule mtu akija nimwonyeshe nini?"

"Mwonyeshe koleo."

Kaka mtu akaziba mlango kwa mwili wake. "Utarudi tu. Kwa magoti!"

Dada mtu hakupaza sauti. Alisimama mbele yake, cheti kwapani, mtungi wenye gesi ya friji tatu umemlemea mkono, akasubiri mpaka kaka yake akampisha.