Kikaratasi Chekundu

Watu wakinisikia nikimkaripia mtu anayeona haya kuuliza, husema Mama Ndila ni mkali. Acha waseme. Mimi najua swali moja ambalo sikuliuliza, na najua lilivunja nyumba ya nani.

Mwaka wa hamsini na sita nilikuwa mpishi kwenye shamba la kahawa nje ya Ruiru. Memsahib wangu alikuwa mchoraji. Asubuhi alitoka na kiti chake na sanduku la rangi, akamsimamisha mfanyakazi yeyote aliyempendeza na kumwambia asitikisike. Miaka mitatu nyuma alikuwa amemchora Githinji, kijana wa kupogoa mibuni. Githinji alisimama siku tatu na mkasi mkononi, akicheka kwamba ndiyo mara yake ya kwanza kulipwa kwa kutofanya kazi. Mwaka uliofuata, siku zile za Hali ya Hatari, askari walimchukua wakampeleka kizuizini. Hatukuambiwa ni kambi gani.

Mkewe, Wangeci, alihamishiwa Gitothua, kwenye kijiji kilichozungushiwa handaki na miti iliyochongwa ncha. Hakuwa na picha ya mumewe hata moja. Iliyokuwepo ilibandikwa kwenye pasi yake ya kutembelea, na pasi ilikwenda naye.

Basi memsahib akaniambia anapeleka picha zake Nairobi, ile ya Githinji ikiwemo, kwenye maonyesho ya wachoraji wapya, na kwamba nitakwenda kuwaandalia wageni chai. Jumapili nikampitia Wangeci. Yeye alikuwa Mkikuyu, hangepata kibali cha kwenda Nairobi hata angelia machozi ya damu. Mimi Mkamba wa Yatta, tena ndani ya gari la Mzungu, nani angenizuia?

"Mama Ndila, enda uniangalilie," alisema akinishika mikono yote miwili. "Ile kovu ya kidevu iko upande gani? Nimeanza kusahau. Ngai! Mtu anasahau bwana yake?"

"Nitakuangalilia," nikamwambia. "Hata kope nitahesabu."

Ukumbi ule wa Nairobi ulikuwa na kuta nyeupe, na Wazungu walitembea polepole kama watu walio kanisani. Kulikuwa na picha za kila namna. Moja ilikuwa rangi tupu, nyekundu na manjano zimetapakaa kama chakula kilichomwagika, na mabwana watatu wamesimama mbele yake wakitikisa vichwa. Mkono wangu uliwasha kutafuta kitambaa nikapanguse.

Halafu nikamwona Githinji. Karibu niangushe sinia. Alikuwa mzima mzima, mkasi mkononi, ule ucheko wake umefichwa kidogo mdomoni, na kovu upande wa kushoto. Chini palikuwa na kadi ambayo haikuandikwa jina lake. Na pembeni mwa kadi palikuwa na kikaratasi kidogo cha duara, chekundu, kimebandikwa.

Lazima nieleze wekundu ule. Pale Gitothua kila jioni Simeon, mkuu wa kijiji, aliita majina kutoka kwenye daftari lake. Waume waliokuwa kizuizini waliandikwa kwa wino mweusi. Habari ya kifo ikija, jina lilipigwa mstari mwekundu, na mara nyingi mke aliuona mstari kabla hajaambiwa neno. Hakuna mwanamke pale ambaye hakuujua wino ule.

Nilisimama na sinia langu. Memsahib akaja, akakitazama kikaratasi, akajifunika mdomo. Macho yake yalijaa machozi. Nikajua basi. Serikali ni yao, nikawaza, wao ndio hujua wa kwanza. Na mpishi wa kuulizia habari za mtu wa kizuizini hulala ndani siku hiyohiyo. Nikaendelea kugawa chai.

Wangeci nilimkuta kwenye foleni ya maji. Nilianza na kovu.

"Kushoto," nikasema.

Alicheka. Akajigusa kidevu chake mwenyewe, upande wa kushoto. Ningeachia hapo!

"Na nini ingine, Mama Ndila? Mbona uso yako iko hivyo?"

"Walikuwa wamemuweka alama."

"Rangi gani?"

Nikamwambia. Hakupiga kelele. Aliweka debe lake chini, akatoka kwenye foleni, akaenda kukaa peke yake kando ya handaki.

Alikwenda kumuuliza Simeon. Simeon alimwambia kwake jina bado ni jeusi, ila habari za Nairobi hutangulia. Wazee wa ukoo wakakaa. Githinji alikuwa na kaka, Nicanor, aliyefiwa na mkewe, na kwa desturi yao mjane hubaki kwenye nyumba ya ndugu wa marehemu. Wangeci alikataa miezi minne. Wa tano akachoka.

Mwaka uliofuata memsahib alikuwa akijiandaa kwa maonyesho mengine. Akaniwekea vitu vyake kwenye meza ya jikoni, na juu yake bahasha ya vikaratasi vyekundu. Niliuliza hatimaye. Niliuliza ni vya nini.

"Hii?" akasema. "Hii nasema mtu iko nunua picha. Basi. Ile ya Githinji mtu nanunua siku ya kwanza, mimi nalia furaha."

Ndipo nikakumbuka kwamba siku ile, ukutani palepale, kulikuwa na picha ya maua kwenye chupa, nayo ilikuwa na kikaratasi chekundu. Nilikiona kwa macho yangu. Ningejiuliza tu maua yamefia kambi gani!

Jumapili nilikwenda Gitothua nikiwa na nia ya kusema. Wangeci alinifungulia mlango akiwa na mimba ya miezi sita. Nilikunywa uji wake nikarudi.

Githinji aliachiliwa mwanzoni mwa hamsini na nane. Alikuta mtoto wa kaka yake akitambaa kwenye nyumba ya Wangeci. Hakumgusa mtu, wala hakupandisha sauti. Siku ya tatu alikuja kwenye mlango wangu wa jikoni, amekonda, mvi kichwani na umri hata miaka thelathini haujafika.

"Mama Ndila, nasikia uliniona Nairobi. Hiyo alama ilikuwa ya nini?"

"Kwamba picha imenunuliwa."

Akauliza, "Ukajua lini?"

Mimi ndiye ninayewakaripia watu. Mimi, mwenye mdomo.

"Jana," nikamwambia. "Memsahib ameniambia jana."

Aliitikia kwa kichwa. Kisha akanishika mkono, akanishukuru kwa kwenda kumwangalia wakati hakuna mtu mwingine aliyeweza, akashika njia ya Thika kutafuta kazi.