Hati Kutoka Pawtucket

Bahasha ilipofika kutoka Pawtucket, Marekani, Leopoldina alidhani tarishi amekosea mlango. Yeye ni mshonaji, anaishi peke yake mjini Nova Sintra, kwenye kisiwa kidogo, na hana ndugu Marekani. Lakini jina lilikuwa lake, limeandikwa kikamilifu, hata lile la babu yake ambalo watu hulisahau.

Ndani mlikuwa na karatasi mbili za Kiingereza, muhuri mwekundu, na kijibarua cha Kikriolu, lugha ya kisiwani, kilichomwita Nha, yaani Bibi: "Nha Leopoldina, nakuomba uiuze kwa niaba yangu nyumba yangu ya Cova Joana. Ni mimi, Adelino Lomba."

Nyumba ile aliijua, kama kila mtu kisiwani. Ilikuwa imefungwa miaka ishirini. Adelino mwenyewe hakuwahi kumwona. Sasa mtu asiyemjua anamkabidhije nyumba yake, na binamu zake wamejaa kuanzia bandarini mpaka mlimani?

Swali hilo likamkosesha raha. Jumatatu alifunga cherehani, akaenda kwa msajili.

"Hii ni hati ya uwakili," alisema Edna, karani wa pale, akiigeuza karatasi. "Huyu bwana amekufanya wewe kuwa yeye."

"Bila kuniuliza?"

"Ndiyo hivyo, Nha Leopoldina. Ila hapa haifai kitu."

"Kwani ni ya uongo?"

"Hapana, ni ya kweli kabisa, kule kwao. Hapa nahitaji cheti cha serikali ya kule kinachothibitisha kwamba huyu aliyegonga muhuri anatambulika. Halafu itafsiriwe kwa Kireno, lugha ya ofisi zetu. Tena tazama, imeandikwa usimamie nyumba. Kusimamia si kuuza. Lazima aandike neno 'kuuza', na nyumba ipi, kwa namba yake ya usajili."

Leopoldina akazichukua karatasi zake. Kijibarua kilikuwa na namba ya simu. Aliporudi nyumbani hakuvua hata viatu, akapiga.

Aliyepokea alikuwa mzee mwenye sauti ya kukwaruza. Leopoldina alimsomea yote aliyoambiwa, naye akayaandika polepole, akiuliza tahajia. Walipomaliza, Leopoldina akamwambia, "Sasa na mimi nina langu. Kwa nini mimi?"

"Hukumbuki? Uliishona nguo aliyozikwa nayo mama."

"Nimeshona nyingi, kaka yangu."

"Nilikuandikia kukuuliza gharama, ukanijibu kwa barua ndefu. Binamu zangu wote waliniandikia kwamba kisiwa kizima kilikuja kumzika. Wewe ukasema walikuja watu kumi na tisa, mvua ikawanyeshea, na padri alikosea jina la mama mara mbili, mpaka ukapaza sauti kumsahihisha."

Leopoldina alimkumbuka padri yule, jinsi masikio yalivyomwiva kwa aibu. Barua hakuikumbuka hata kidogo.

"Barua hiyo ninayo," alisema Adelino. "Siku ile nililia. Nikajiambia, kumbe kule yupo mtu mmoja wa kuniambia mambo yalivyo."

Ilipita miezi mitatu kabla ya hati ya pili kuja, na cheti chake na tafsiri yake, kila neno mahali pake. Wanunuzi walikuwa mke na mume, walimu wa shule. Leopoldina aliwafungulia nyumba, akawaonyesha mpaka dari ya jikoni iliyooza, nao wakaitaka hivyo hivyo.

Siku ya kutia sahihi, saa tano asubuhi, Edna aliweka kalamu mezani bila kumpa.

"Jambo moja. Huyu bwana yu hai? Akifa, hati hii inakufa naye."

Walimu wakatazamana. Leopoldina akapiga simu. Iliita mara nne, mara tano.

"Adelino, uko hai?"

"Subiri ninywe kahawa kwanza, nitakujibu."

Ofisi nzima ikacheka. Leopoldina akashika kalamu, kisha akasita. "Edna, niandike jina la nani?"

"Lako. Wewe ndiye unayetia sahihi, kwa niaba yake."

Akaandika jina lake lote, hata la babu. Walimu wakapewa funguo, wakatoka wakiwa wameshikana mikono. Simu ilikuwa bado mkononi, na kwa mbali kijiko kilisikika kikigonga kikombe.

"Tayari, imeuzwa," alisema, akitoka nje kwenye ngazi apate kuongea vizuri. "Sasa niambie, Adelino, wewe ni mrefu au mfupi?"