Mgomba Uliovikwa Sanda

"Ondoka, bibi kizee! Umelala bure kwenye kiwanja cha watu tangu enzi za Mjerumani, hata kodi hujalipa!"

Sauti hiyo ya Mikidadi ilitoka ndani ya shimo. Alikuwa mtani wa ukoo, na kwa Waluguru kazi ya mtani ndiyo hiyo: kuchimba kaburi, kuzika, na kumtania marehemu mpaka waliofiwa wacheke bila kupenda. Siku hiyo aliifanya kinyumenyume. Aliwatoa waliokwisha kuzikwa, mmoja mmoja, akawakabidhi kwa Chausiku aliyesimama ukingoni na mashuka mapya begani.

Kituo cha kupozea umeme kilikuwa kinapanuliwa. Miaka ile ya ruksa kila mtu mjini Morogoro alikuwa amefungua kitu: huyu duka, yule mashine ya kusaga, mwingine kibanda cha soda baridi, na wote waliuchukia mgawo wa umeme kuliko njaa. Transfoma mpya ilishashushwa, kubwa kuliko nyumba ya Chausiku. Pembeni yake ingejengwa nyumba ya betri za kuweka umeme wa akiba, kama mpunga wa Dakawa ghalani, ndivyo mainjinia walivyoeleza. Na nyumba hiyo ilipangiwa palepale walipolala wafu wa ukoo. Ardhi ya Waluguru hushikwa upande wa mama, na makaburi vilevile, kwa hiyo jembe lisingegusa udongo mpaka mwanamke wa ukoo asimame hapo.

Mwanamke mwenyewe, Chausiku, alikuwa muuza ndizi. Tangu usichana wake alishusha mikungu kutoka mlimani mpaka sokoni, kichwani, akayajua mashamba ya watu kwa uzito wa ndizi zao. Mfunge kitambaa machoni, umtwike mkungu. Atakuambia ni kisukari au mzuzu, na umekatwa jana au leo. Nyaya za umeme zilipita juu ya paa lake miaka yote, naye ndani akiwasha koroboi. Hakulalamika, maana hakuwa na mazoea ya kulalamikia vitu vilivyo juu.

Mchana ule ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye uzio. Mafundi walikuwa wamezima mitambo ili waunganishe ile transfoma, na kituo ambacho hakikuwahi kuacha kunguruma kikawa kimya. Kimya hicho hakikuwa kizuri. Watu waliongea kwa kunong'ona bila kujua kwa nini, na mbwa wa mlinzi alikuwa ametambaa chini ya lori akakataa kutoka.

Injinia Rogers, kijana mpole wa kutoka Moshi, alikuja akiwa na kofia yake mkononi.

"Shikamoo, mama. Naona limebaki moja."

"Marahaba, mwanangu. Limebaki."

"Hilo liacheni," alisema Dadi, kaka yake Chausiku, mkuu wa ukoo, kutoka kwenye jiwe alilokalia. "Mle hamna mtu."

Rogers alimtazama. "Kama hamna mtu, mzee, kaburi ni la nini?"

Shadia, binti wa Chausiku, alimhamishia mtoto wake bega la pili. Mikidadi alijifanya kufuta beleshi.

Lilikuwa kaburi la Abuu. Alikuwa kitinda mimba wa Chausiku, mwenye meno yaliyoachana na kicheko kilichomtangulia mlangoni. Alikwenda vita vya Uganda akiwa mgambo. Wenzake walirudi, wakapokewa kwa ngoma. Yeye hakurudi, wala hakuna aliyesema amemwona akianguka. Ukoo ulingoja, ukachoka. Dadi akasema maiti isiyozikwa haitulii, wala haiwaachi wengine watulie. Basi wakakata mgomba katika shamba la Chausiku mwenyewe, wenye urefu wa kijana, wakauvika sanda, wakauzika. Shehe alikataa kuuswalia, akageukia pembeni. Mikidadi ndiye aliyeshuka nao mwanandani. Maiti ya mtu ikilazwa, vifundo vya sanda hufunguliwa. Mikidadi aliviacha vimefungwa. Haukuwa mtu, ulikuwa mgomba.

Chausiku hakulia siku ile. Alikuwa na hasira. Kwake yeye Abuu alikuwa hai mahali fulani, pengine ana mke Mganda na watoto wasiojua Kiluguru, na watu hawa walikuwa wamemzikia mti wa shambani wakamwambia apoe.

Neno la ukoo analoweza kulipinga mwanamke ni moja tu: jina. Jina la marehemu hupewa mtoto anayezaliwa, naye marehemu hukaa tena nyumbani. Kila mtoto wa kiume alipozaliwa, Dadi alimtaka awe Abuu, na kila mara Chausiku alikataa. Jina la mtu aliye hai haligawiwi. Sasa Shadia alikuwa na mtoto, siku ya saba ilishapita, na mtoto alikuwa bado anaitwa Mtoto.

"Chimbeni," alisema Chausiku.

"Dada, utajitonesha kidonda bure."

"Chimbeni, kaka. Mgomba hauvuki masika moja, mimi naujua. Mtakuta udongo mtupu, mwone wenyewe kwamba mwanangu hajafa. Na huyu mtoto mumtafutie jina jingine."

Mikidadi akaingia. Alianza na utani wake, "Haya, bwana mkubwa wa mgombani, leo tunakuhamisha," lakini utani ulimkauka mdomoni. Udongo ulitoka laini mno, bila mizizi, kama uliochimbwa juzi. Makaburi mengine yote yalikuwa yametoa mifupa ya kahawia na vumbi, hata uzi wa sanda haukuonekana. Hapa mbao za mwanandani zilikuwa nzima.

Akaziinua mbao moja moja, kisha akaruka kutoka shimoni kama mtu aliyekanyaga siafu.

"Mtani," alimwambia Chausiku. "Wallahi mimi niliviacha vimefungwa."

Chausiku alipiga magoti akachungulia. Sanda ilikuwa pale, imepauka lakini haijaoza, na kilichokuwa ndani kilikuwa kimelazwa kwa ubavu wa kulia, kimeelekea kibla. Vifundo vyote vilikuwa vimefunguliwa. Ncha za kamba zilikuwa zimewekwa pembeni kwa adabu, kama afanyavyo mtu anayempenda maiti wake.

"Funua tuone," alisema Dadi, lakini hakusogea.

Rogers alisema labda ni nyaya za shaba zilizofukiwa karibu, labda zilizuia kuoza. Alisema labda mara tatu. Kisha akavaa kofia, akaivua tena.

Chausiku alishuka mwenyewe. Hakuna aliyemzuia, ingawa alikuwa mtu mzima mwenye magoti mabovu. Hakufunua. Alitandaza shuka lake la mwisho, akaliviringisha juu ya sanda, akafunga kwa vifundo vyake mwenyewe, kisha akapitisha mikono chini na kuinua.

Haukuwa uzito wa mtu, wala wa mgomba. Ulikuwa wa mkungu mdogo. Alipouegemeza kifuani, ndani kitu kikagonga kitu, taratibu, kikavu.

Alibaki amesimama mle shimoni. Hofu ilikuwa imemshika, na chini ya hofu kulikuwa na uchungu uliongoja miaka yote hiyo, na sasa ukampanda wote kwa pamoja.

"Ni nini, mama?" aliuliza Shadia.

"Mgomba ni maji," alijibu. "Ukioza, hauachi kitu cha kugongana."

"Kwa hiyo ni nani aliyemleta?" alinong'ona Dadi. "Kaja na nani? Kafika lini?"

Chausiku alisogea ukingoni na mzigo wake. Walimshika mikono wakampandisha. Mtoto alikuwa ameanza kulia, kile kilio chembamba cha njaa, na Shadia alikuwa amemsahau, macho yakiwa kwenye shuka.

"Mnyonyeshe Abuu," Chausiku akamwambia. "Analia."

Dadi akainamisha kichwa. Shadia alikaa chini palepale kwenye udongo, akatoa ziwa, machozi yakimdondokea mtoto usoni.

Makaburi mapya yalikuwa juu mlimani, mwendo wa kupanda. Mikidadi alinyoosha mikono apokee, mila ikimtaka hivyo, lakini Chausiku alikwisha kusokota kanga akaiweka utosini. Alijitwika mzigo wake, akatangulia. Wengine walimfuata kwa mbali.

Njia ilipoanza kuwa kali, kule ukungu ulikokuwa mzito, alisikia mzigo ukisogea kichwani, bila yeye kuyumba. Uligeuka polepole kutoka ubavu mmoja kwenda mwingine, kisha ukatulia, kama mtu aliyepata namna nzuri ya kulala. Chausiku hakuinua mkono kuushika. Alipunguza mwendo, akaanza kuyakanyaga mawe kwa uangalifu ili asimwamshe.