Kuta za Shule ya Enkutoto

Siku ya soko pale Bisil, karani wa ushuru huanza kazi kwa kufungua mkebe wa rangi ya kijani. Ng'ombe akishalipiwa hupakwa mstari mmoja mgongoni, na mwenyewe huambiwa kwamba hela hiyo inaenda kujenga shule na barabara ya Enkutoto. Watu waliambiwa hivyo miaka nenda miaka rudi. Kufikia mwaka wa tisini na saba, Enkutoto ilikuwa na bango la shule, mwalimu mmoja aliyeitwa Musila kutoka Ukambani, na watoto waliosomea juani. Bango lenyewe lilikuwa zuri.

Mwaka huo Nalotuesha akajitosa kugombea ubunge. Alikuwa amefundisha Kitengela muda mrefu, na hata kwenye mkutano alizungumza kama mtu anayeandika ubaoni, polepole, bila kupiga kelele. Alisema mambo matatu na hakuongeza la nne ili kufurahisha watu. Mtoto asomee chini ya paa. Barabara ya Enkutoto imwagiwe changarawe, kwa sababu mama mwenye uchungu wa kuzaa hawezi kungoja matope yakauke. Na mpaka hayo mawili yaonekane, asilipe mtu ushuru mara ya pili kwa kazi ambayo haikufanywa mara ya kwanza. Mtu mmoja sokoni akamwuliza ushuru wa zamani ulienda wapi.

"Mimi sijui," akasema. "Ulizeni ng'ombe. Hizo ndizo zililipa."

Jioni hiyo ng'ombe wakaja. Walikuwa wale waliouzwa Bisil wakachinjwa Kitengela, kila mmoja na mstari wake wa kijani. Walifuata barabara ya Namanga bila haraka, na madereva wa malori wakasimama kuwapisha, ingawa wengine walipiga honi. Walipofika Enkutoto walijipanga bega kwa bega wakafanya kuta nne, wakaacha nafasi ya mlango. Asubuhi Musila aliingia, akatazama huku na huku, akasema darasa ni dogo kidogo lakini litafaa. Akaanza na hesabu.

Mvua kubwa ya mwaka huo ilipofika, wazazi walifunga karatasi za nailoni kutoka pembe hadi pembe, na watoto hawakulowa. Njia waliyopita ng'ombe ilikuwa imekanyagwa ikawa ngumu, hata gari la zahanati likapita bila kukwama. Jioni wenye ng'ombe walikuja kuwasalimia. Mmaasai hasahau ng'ombe aliyemfuga. Humjua kwa rangi, kwa pembe, kwa sikio lililokatwa. Mzee Metito alikuwa na dume lake kwenye ukuta wa mbele, na kila jioni alilikuna shingo akilisifu mbele ya watu. Walijivuna, na walikuwa na haki ya kujivuna. Nani mwingine katika wilaya nzima alikuwa na shule inayopumua?

Mheshimiwa aliyekuwa bungeni hakupendezwa. Siku chache kabla ya kura, Gideon, karani wa ushuru, akafika Enkutoto na mkebe wake. Kundi kubwa namna hiyo likikusanyika mahali pamoja, alisema, hilo ni soko, na soko hutozwa ushuru.

Nalotuesha alikuwa amewaonya watu mapema. "Akiuliza, nyamazeni. Ng'ombe bila mwenyewe haiwezi kutozwa. Lakini tukilipa leo, tumewaambia walikula ile hela ya kwanza kihalali. Na mimi kwa kura nitakuwa nimekwisha." Wote walikubali, na Metito ndiye aliyekubali kwa sauti kubwa zaidi.

Shida ni kwamba Gideon alikuwa mtoto wa hapo hapo. Hakutisha mtu.

"Hizi ng'ombe ni za nani?"

Kimya.

"Sawa. Basi hazina wenyewe." Akatembea hadi kwa dume la Metito, akalitazama kwa huruma. "Hii lazima ilikuwa ya mtu masikini. Hata kulisha hakujua."

Musila, ambaye kwao walifuga mbuzi wachache na kupanda ndengu, akamnong'oneza Metito, "Mzee, nyamaza tu. Ni dakika moja."

"Wewe mwalimu, unaweza kumkana mtoto wako?" Metito akasimama. "Hiyo dume ni yangu! Mama yake alikufa na kiangazi, nikailea na mikono yangu. Andika Metito."

Baada ya hapo hawakuzuilika. Mmoja alidai watatu, mwingine akadai na wa marehemu baba yake. Walipanga foleni vifua mbele, wakalipa huku wakitaja sifa za kila mnyama, na foleni ikawa ndefu kuliko ya soko lolote.

Akabaki ng'ombe mmoja, mwekundu, mwenye baka jeupe usoni, aliyesimama kando ya mlango. Gideon akampapasa mbavu. "Na hii? Hii mimi naona kama ni mbuzi."

Watu wote wakamgeukia Nalotuesha. Akinyamaza, atakuwa mtu pekee wa Enkutoto ambaye hakulipa, na kesho angeweza kupanda jukwaani akiwa na la kusema. Alilijua hilo kuliko yeyote. Liliuma, na hakuna haja ya kuficha kwamba liliuma.

"Hiyo ni yangu," akasema. "Baba aliiuza ndio nikaenda chuo cha ualimu. Toka hapa mpaka Kimana hakukuwa na ng'ombe ya maziwa kama hiyo. Andika jina langu lote."

Wanawake wakampigia vigelegele vikasikika hadi barabarani.

Katika mikutano ya mwisho mheshimiwa hakuhitaji maneno mengi. Alisema hata mgombea wa wasiolipa amelipa, tena kwa vigelegele. Akashinda. Ushuru uliendelea kutozwa, kwa ng'ombe walio hai na waliokufa, na wajenzi hawakuonekana.

Januari shule ilipofunguliwa, Nalotuesha alifika mapema, amevaa shanga zake zote. Watoto walikuwa wengi kuliko mwaka uliopita, wakasongamana mlangoni. Ng'ombe mwekundu akawatazama, kisha akasogea hatua moja pembeni ili waingie.