Habari Isiyotumwa kwa Mtu

Silantoi alikuwa na blogu, na blogu ilikuwa na wasomaji kumi na tisa. Kati ya hao kumi na tisa, watano walikuwa yeye mwenyewe: simu yake, simu ya mwenzake wa chumba kule Sekei mjini, na kompyuta tatu za kliniki ya meno alikofanya kazi ya mapokezi. Wengine kumi na wanne hakuwajua, na huenda waliingia kwa bahati mbaya wakitafuta kitu kingine.

Blogu iliitwa Upande wa Mlima. Humo aliandika habari za wazee wa Oldonyo Sambu, jinsi walivyolima, walivyochunga, walivyooana na walivyogombana. Aliianza Januari kama mtu anavyoanza kufuga kuku wawili, bila haraka. Haraka ilikuja Machi, na aliyeileta ni babu yake mwenyewe, Mzee Saruni.

Mzee Saruni na mdogo wake Kisioki walikuwa hawasemezani mwaka wa kumi na moja huo. Nyumba zao zinatazamana ng'ambo hii na ile ya korongo moja. Moshi wa jiko la huyu yule anauona. Kuvuka ni mwendo wa dakika ishirini, na kwa mwenye magoti mabovu tuseme nusu saa. Kisa chao kilikuwa harusi ya binti wa Kisioki, Naisiae. Kisioki alipokea posa kabla ya kumwambia kaka yake. Mzee Saruni akanuna, lakini akaenda harusini, akakaa mstari wa mbele, na alipoitwa asimame kumbariki bibi harusi, hakusimama. Alisema, mbele ya wakwe na mchungaji, kwamba hana baraka kwa jambo asilolijua. Naisiae alilia mpaka shela ikalowa. Kisioki akamwambia kaka yake asikanyage kwake tena, na kaka akajibu na wewe usikanyage kwangu, na wote wawili, kwa bahati mbaya, ni watu wa kushika neno lao.

Sasa mzee alikuwa na miaka themanini na mitatu na kifua kilichokuwa kinambana kila baridi ikishuka kutoka mlimani. Jumapili moja ya Machi alimwita Silantoi, akamwambia aandike. Akasimulia jinsi Kisioki, akiwa na miaka tisa, alivyombeba mgongoni yeye mwenye miaka kumi na mitatu, alipovunjika mguu kule juu msituni, toka asubuhi mpaka jua kichwani. Mwishoni akasema, "Halafu andika hivi: siku ya harusi, nilikosea mimi."

Silantoi akaweka kalamu chini. "Babu, si uvuke tu ukamwambie?"

"Mkubwa hamfuati mdogo."

"Basi nitume mimi."

"Ukienda wewe, nimetuma. Nikituma, nimeomba."

"Na kwenye mtandao?"

"Kwenye mtandao hujamtumia mtu. Umeweka tu. Akikutana nayo, ni yeye kakutana nayo." Kisha akampa sharti: asimpelekee mtu yeyote wa nyumba ile. Ipite kwa watu, ifike yenyewe.

Hebu fikiria. Habari ya kuvuka korongo la nusu saa, inabidi izunguke dunia nzima kwanza. Lakini ndivyo mzee alivyotaka, na Silantoi alikuwa anampenda, basi akaiweka kwenye blogu pamoja na picha yake. Aliogopa, tena aliogopa sana, kwamba babu atakufa kabla Kisioki hajasikia. Kila Jumapili alipokwenda kumjulia hali, baada ya shikamoo na marahaba, swali lilikuwa moja tu.

"Amesoma?"

"Bado, babu. Wasomaji ni wachache."

"Ongeza wasomaji," mzee alisema, kama mtu anayeagiza kuongeza chumvi.

Silantoi akaenda kwa Allen. Allen alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu Kijenge, na ukurasa wa vichekesho uliofuatwa na watu elfu arobaini, kwa hiyo alijiona mtaalamu na hakuwa anaficha. Akamwambia watu hawaji kwako kama wewe huendi kwao. Ingia kurasa za watu, toa maoni, sifu watoto wao, pongeza vyeti vyao, halafu ndio uache kiungo chako. Weka status kila siku. Jiunge na makundi. Na ile picha ya mzee akiwa na sweta ya kijani aitoe rangi, maana picha ya mzee ikiwa nyeusi na nyeupe inakuwa na heshima.

Alifanya yote. Kwa wiki tano alipongeza watoto asiowajua waliohitimu chekechea. Alijiunga na makundi ya wapishi, wafugaji wa kuku wa kienyeji, watu waliosoma shule ambazo yeye hakusoma. Akiweka kiungo, watu walijibu mara moja: Amina, Hongera dada, Ubarikiwe, moyo mwekundu, mikono miwili imefumbatana. Siku moja alipata mioyo mia tatu na nane, akaruka kwa furaha, akaenda kuangalia takwimu za blogu akakuta waliofungua ni wanne. Watu wanabariki kitu wasichokisoma, loo. Kundi la kwaya lilimtoa kwa kosa la kufanya biashara. Aliwaeleza kwamba hamwibii mtu wala hauzi kitu, lakini alikuwa anajieleza kwenye kundi ambalo hayumo.

Ndipo akakumbuka kundi la msiba.

Miaka miwili nyuma alifariki bibi mmoja wa ukoo, Bibi Namnyaki, na kama kawaida likafunguliwa kundi la WhatsApp la kuratibu mazishi. Bibi akazikwa, arobaini ikapita, kundi likabaki. Makundi ya msiba huwa hayafi. Nani atakuwa wa kwanza kuandikiwa "ametoka," aonekane amechoka kuomboleza? Basi walikuwemo watu mia mbili na thelathini, ukoo mzima, Oldonyo Sambu mpaka Namanga, mpaka waliooa Mwanza. Wanakaa humo kimya, wakisubiri msiba unaofuata. Watoto wa Kisioki pia walikuwemo, lakini Silantoi alijihesabia haki: kundi ni la watu wote, si nyumba ile.

Jumamosi saa nne asubuhi, akiwa kazini, akaweka kiungo. Kikajitokeza kama vinavyojitokeza: picha kubwa ya Mzee Saruni, nyeusi na nyeupe, na chini yake jina lake na mstari wa kwanza usemao kwamba alizaliwa Oldonyo Sambu katika familia ya watoto sita. Akaweka simu kwenye droo, kwa sababu aliingia mgonjwa wa kung'olewa jino aliyekuwa analia kabla hajaguswa.

Saa sita alipofungua droo, alikuta ujumbe mia moja na tisini.

Alitabasamu, maskini. Halafu akaanza kusoma. Pumzika kwa amani baba yetu. Mishumaa. Aya za Ayubu. Mwingine kaandika, jana tu nilimwona barabarani, kweli sisi si kitu. Kamati ilikuwa imeshaundwa, ina mwenyekiti na katibu. Maturubai yalishapatikana. Mtu mmoja tu aliuliza mzee alikuwa anaumwa nini, akajibiwa kwamba huu si wakati wa maswali.

Silantoi akaandika: "Jamani, babu yupo hai."

Jibu likaja papo hapo, kutoka kwa shemeji wa Mwanza: "Pole sana mdogo wangu. Ni vigumu kupokea."

Akapiga simu nyumbani. Alipokea Shangazi Sinyati, dada ya baba yake, anayeishi na mzee, na sauti yake ilikuwa imekauka kwa kulia.

"Shangazi, babu yuko wapi?"

"Wewe ndiye uliyetangaza, halafu unaniuliza mimi? Kaondoka alfajiri kupeleka ng'ombe josho. Simu kaiacha. Watu wamekuja hapa wanashusha viti, ndio nasikia baba yangu kafa!"

Silantoi alijua kabisa kwamba uvumi huo kautunga yeye bila kujua. Lakini mzee wa miaka themanini na mitatu, mwenye kifua kile, yuko peke yake na ng'ombe tangu alfajiri, na watu zaidi ya mia wanasema amekufa. Ukisikia jambo na watu wengi hivyo, hata kama wewe ndiye chanzo, unaanza kuliamini. Akamwomba daktari ruhusa, akasema kuna msiba, kisha akasema hapana, hakuna, kisha akaondoka tu. Barabara yote ya Namanga alikuwa anaomba Mungu kwa midomo bila sauti.

Mzee Saruni alikuwa amemtangulia kufika. Alirudi kutoka josho na ng'ombe wake sita, akakuta kirikuu, kigari cha mizigo, uani kwake na vijana wanafunga kamba za turubai. Akauliza nani amefariki. Kijana mmoja, bila kugeuka, akasema ni Mzee Saruni. Mzee akafikiri kidogo, akauliza, "Kwa hiyo hawa ng'ombe nawapitisha wapi?" Kijana aliposikia sauti na kugeuka, aliruka kamba na hakuonekana tena mpaka jioni. Shangazi Sinyati alimkumbatia baba yake, akalia upya, halafu akamgombeza kwa kuacha simu, na kidogo kwa kuwa mzima.

Silantoi alipofika, alimkuta babu amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai la msiba wake mwenyewe. Akamshika mkono akaubusu. Waombolezaji walikuwa kama sitini. Hawakujua waondoke au wabaki, maana mtu aliyetoka mbali na unga wa msiba mkononi hawezi kurudi nao. Mzee Solomoni wa kanisani aliomba sala ya shukrani badala ya ile aliyoiandaa, na sehemu kubwa ilikuwa ileile. Chai ikachemshwa.

"Shikamoo babu. Nisamehe. Nilitaka wasome tu."

"Marahaba." Akamvuta karibu. "Amesoma?"

Silantoi akafungua takwimu. Blogu ya Upande wa Mlima ilikuwa imetazamwa mara elfu mbili na mia sita tangu asubuhi. Akazitazama zile namba alizozililia wiki tano, akaona aibu. "Wengi wameona picha tu, babu. Hawakufika chini. Kama yeye amesoma, sijui."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Ilionekana imemuuma. Alikuwa amefikiri kwamba katika watu wote hao angalau mmoja atafika kwenye mstari wa mwisho.

Ndipo Shangazi Sinyati akasema, "Tazameni kule."

Kwenye njia ya ng'ambo ya pili alikuwa anashuka mtu. Kofia ya kahawia, fimbo, na jembe begani. Kwao, ndugu wa damu ndiye anayepiga jembe la kwanza kwenye kaburi, na hata watu wasiosemezana, msiba hawasusi. Wote walimjua kwa mwendo wake. Hakuna aliyejua kama amepata habari ya pili, kwamba mzee yupo hai, na ilivyoonekana hakuipata. Akashuka mpaka akapotea korongoni, wakasubiri, akatokea upande huu akipanda polepole, akisimama mara kwa mara kupumua. Silantoi alitaka kukimbia kumpokea amweleze. Babu akamshika mkono.

"Mwache."

Kisioki akaingia getini kichwa kikiwa chini. Mashavu yake yalikuwa yamelowa na hakujisumbua kuyafuta. Aliwapita watu wawili watatu, akainua kichwa kutafuta jeneza, akakutana macho kwa macho na kaka yake akiwa na kikombe cha chai.

Kisioki alimwangalia. Usoni mwake yalipita mambo mengi, na mojawapo lilikuwa hasira, maana hakuna mwanamume wa pale anayependa kukamatwa akilia. Hatimaye akasema, kwa sauti iliyokwaruza, "Mimi nimekuja kuzika."

"Basi kaa," Mzee Saruni akasema, "usubiri."

Mtu mmoja akaanza kucheka, mke wake akamfinya. Kisioki akabaki amesimama na jembe lake. Silantoi aliona babu akiinama kuweka kikombe chini, chai ikamwagika kwenye magoti. Huyu ndiye aliyekataa kutuma mtu, aliyetaka maneno yake yajipeleke yenyewe kwa wasomaji wa Mwanza na Namanga. Sasa yule mmoja aliyeyataka alikuwa mbele yake, hajasoma hata neno.

"Kisioki," akasema, mbele ya watu sitini. "Siku ile ya Naisiae, nilikosea mimi. Ningesimama."

Kisioki akalishusha jembe, akaliegemeza kwenye nguzo ya turubai. Akavuta kiti, akakaa karibu na kaka yake, wote wakitazama korongo.

"Njia yote," akasema Kisioki, "nilikuwa najiambia nimechelewa."