Sukari Mbichi Husikia

Asubuhi ile Mama Keki alichekecha sukari laini mara mbili, akatenga ute wa mayai kwenye bakuli la kioo, akakamulia limau kidogo, akaanza kukoroga kwa mwiko. Mashine alikuwa nayo, lakini ile ilikuwa ya keki. Mashine hutia hewa, na uji wa sukari ukiingia hewa hukauka na matundu, ukiugusa tu, umevunjika. Alikoroga mpaka ukawa mzito kama dawa ya meno. Kisha akaugawa katika vikombe vitano. Vinne akavitia rangi, nyekundu, njano, kijani na samawati, na cha tano akakiacha cheupe.

Meza ya kulia chakula, pale sebuleni, ilikuwa imeshatandikwa karatasi za kuokea. Alijaza uji kwenye mfuko wa plastiki, akaukata pembe kiduchu, akavuta mistari myembamba toka ukingo hadi ukingo, mmoja kando ya mwingine, rangi moja kila karatasi. Mistari hiyo ingelala hapo mpaka kesho yake, ikikauka aikatekate kwa kisu, zipatikane zile chembe za rangi zinazonyunyizwa juu ya keki. Watu wengine hununua zilizo tayari dukani. Za dukani ni ngumu na hazisemi kitu.

Za Mama Keki zilisema. Sukari mbichi husikia, na neno likitamkwa karibu yake kabla haijakauka hukaa humo humo. Anayeila hulitamka neno hilo kwa sauti ileile ya aliyelisema, akameza, akaendelea na habari zake. Ndiyo maana mistari ikiwa mezani watu wa nyumba ile walipita sebuleni kimya kama maji mtungini. Marehemu mumewe alijisahau mara moja tu. Kwenye sherehe ya mtoto wa jirani, watoto wote waliinua vichwa kutoka kwenye sahani wakauliza kwa sauti nzito ya kiume, "Nani tena kaacha friji wazi?" Mama wa mtoto alicheka mpaka akashika mbavu.

Tangu hapo wateja wakawa wanaagiza na maneno. Wengi walitaka heri na baraka, na Mama Keki aliinama juu ya karatasi akayasema polepole, asiteme mate. Mwalimu mmoja aliomba jedwali la saba kwa ajili ya mwanawe, aliyekuwa na kichwa kigumu kwa hesabu. Mtoto alifaulu, ila mpaka leo saba mara nane huijibu kwa sauti ya mama mtu mzima.

Keki ya safari hii ilikuwa ya harusi ya binti wa shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu. Ukoo mzima ulimwita Mwenyekiti, kwa kuwa hakuna mahali alipopata kukaa na watu watatu asifungue kikao. Aliwahi kukifungua hata kwenye foleni ya daktari wa meno. Tangu msiba alikuwa akija kila Jumamosi kumjulia hali shemeji yake. Alikunywa chai, akatazama dari, akasema, "Paa hili bado zima kabisa," akaaga.

"Wengine mume akifa na ndugu wanakufa," Mama Keki aliwaambia majirani. "Mimi shemeji yangu ana utu."

Kwa hiyo keki alisema ni zawadi yake kwa bibi harusi, ghorofa tatu, mtu asimwulize bei. Nyumba waliijenga yeye na mumewe kidogo kidogo, chumba kwa chumba. Mlango wa mbele ulitokana na keki, madirisha yalitokana na keki. Kiwanja tu ndicho kilichoandikwa jina la Mwenyekiti, maana kiliponunuliwa yeye ndiye aliyekuwa na ajira, na baina ya ndugu nani angethubutu kusema tubadilishe jina? Ingekuwa kama kumwambia mtu hapigi mswaki.

Kesho yake mchana Mama Keki alitoka kwenda kununua nguzo za kusimamishia ghorofa za keki. Aliporudi alikuta vikombe viwili vya chai vimeoshwa, vimefunikwa kando ya sinki. Akajua ni Mwenyekiti na wifi yake, dada wa marehemu. Wenye ufunguo walikuwa hao tu, na wifi hakuwahi kuacha kikombe kichafu. Kwenye karatasi ya mistari myekundu palikuwa na alama ya ukucha. Mtu alikuwa ameigonga.

Jioni, sukari ikishakauka mpaka chini, Mama Keki huonja ncha ya kila rangi kabla ya kukata. Alianza na nyekundu. Kinywa chake kikafunguka kikasema kwa sauti ya Mwenyekiti, "Imekauka hii, gonga uone. We ongea tu."

Mchana ule ilikuwa imekauka juu tu. Chini sukari hubaki na unyevu mpaka jioni.

Akaonja nyeupe. "Nyumba imepata mteja," kikasema kinywa chake, Mwenyekiti yuleyule. "Tusimwambie sasa. Tumwache amalize keki kwanza."

Akaonja kijani. Hiyo ilikuwa sauti ya wifi. "Na yeye na mtoto wataenda wapi?"

Samawati ikajibu, kwa sauti ya Mwenyekiti, "Ana kazi ya mikono, hatakufa njaa."

Njano alikaa nayo mkononi muda mrefu kabla ya kuitia mdomoni. "Basi mapazia nachukua mimi," alisema wifi kwa ulimi wa Mama Keki.

Mama Keki akavuta kiti akakaa. Iliuma. Lilimuuma zaidi lile swali la kijani, kwa sababu wifi aliuliza vizuri, kama mtu anayejali, halafu akaendelea na mapazia. Binti yake akarudi kutoka shuleni, akadokoa mstari mmoja wa njano kabla mama hajamkataza, akasema ya mapazia kwa sauti ya shangazi yake. Akameza.

"Mapazia gani, mama?"

"Ya hapa."

Binti akayatazama mapazia, akaenda kubadili sare.

Muda wa kutengeneza sukari nyingine ulikuwepo. Angeweza kuimwaga hii akakaa kimya, au akaenda kwa Mwenyekiti akamuuliza. Lakini akimuuliza, Mwenyekiti angefungua kikao, na kikao akikifungua yeye hukifunga yeye. Harusini wangekuwepo wazee wa ukoo, majirani, watu wa kazini kwake, wakwe zake wapya. Umma mzima ukisema jambo moja mbele yake, kwa sauti yake mwenyewe, hata yeye angeinamisha kichwa. Nyumba ingepona. Mama Keki akapiga moyo konde, akachukua kisu, akazikatakata chembe zote, akazichanganya, akazinyunyiza kwenye ghorofa zote tatu bila ubahili.

Ukumbi ulikuwa na viti vilivyovishwa nguo nyeupe na feni moja iliyokataa kuzunguka. Mshereheshaji alipomaliza utani wake, maharusi walikata keki na kulishana. Bibi harusi akatafuna kwa aibu, kisha akasema kwa sauti ya baba yake, "Ana kazi ya mikono, hatakufa njaa." Akajifuta mdomo asiharibu rangi. Bwana harusi akauliza, kwa sauti ya shangazi wa mkewe, yeye na mtoto wataenda wapi, akambusu mkewe shavuni, watu wakapiga vigelegele.

Sahani zikazungushwa meza kwa meza. Maneno yalitoka shaghalabaghala, mteja kabla ya gonga uone, mapazia kabla ya nyumba, lakini mwenye masikio hakushindwa kuyapanga. Mzee mmoja wa ukoo, ambaye kusikia kulimshinda siku nyingi, alitia kipande kikubwa mdomoni akayasema yote matano bila kupumzika, akaomba maji. Mwenye duka la vigae alikuwa meza ya mbele, amealikwa kama rafiki wa familia. Alisema, "Nyumba imepata mteja," akatikisa kichwa kukubali, maana mteja alikuwa yeye. Wifi alikula taratibu. Maneno yake yalipomtoka alimgeukia jirani yake akaongeza kwamba ni kitambaa kizito kile, hakipauki. Mwenyekiti naye alikula. Alisema tusimwambie sasa, na kwa kuwa sauti ilikuwa yake na kinywa kilikuwa chake, mtu asingejua kama ni keki au ni yeye.

Mama Keki alisimama kando ya keki, kisu mkononi, akingoja. Watu walijilamba vidole. Wakasema keki ni laini, limau limekolea. Jirani yake, yule aliyewahi kushika mbavu kwa kicheko, alikuja akamkamata mkono.

"Pole, shoga yangu. Tumesikia."

"Ahsante."

"Sasa unikatie na cha nyumbani, cha pembeni hapo, penye chembe nyingi. Mzee wangu hakuja."

Mama Keki akamkatia.

Mwenyekiti akasimama, akaomba kipaza sauti. Alikohoa. Kichwa hakukiinamisha.

"Ndugu zangu," alisema, "nisiwafiche. Siku nyingi nilikuwa natafuta namna ya kumweleza shemeji yangu suala la nyumba, lakini jamani, ulimi ulikuwa mzito. Sasa limesemwa hadharani, mbele ya wazee, mbele ya wakwe. Tena sikulisema peke yangu, mmelisema nyote kwa vinywa vyenu. Uwazi gani unazidi huo? Kama kuna mwenye pingamizi, asimame."

Vinywa vilikuwa vimejaa. Mama Keki akafungua chake, kisichokuwa na kitu, akasema, "Mimi napinga."

"Shemeji, wewe ndiye mhusika," Mwenyekiti alimjibu kwa upole. "Mhusika hapigi kura." Akatazama ukumbi kulia na kushoto. "Basi, imepita. Kikao kimefungwa."

Muziki ukawashwa. Akiteremka kwenda kucheza na binti yake, Mwenyekiti alipita kwenye meza ya keki akamshika shemeji yake bega. "Umenirahisishia sana," alisema, na alimaanisha. "Na keki tamu, Mungu akuzidishie."

Wiki ile oda ziliongezeka, kwa kuwa wageni wa harusi walimsifu kila walikokwenda. Mwenye duka la vigae mwenyewe aliagiza keki ya kuhamia, akaomba chembe ziseme "karibuni kwetu" kwa sauti ya mke wake. Mama Keki alimwambia amlete mke sukari ikiwa bado mbichi, na mke akaja, akainama juu ya ile meza, akayasema vizuri tu. Alikuwa mama mpole. Aliuliza bafu liko upande gani.

Siku ya kuhama hawakuwa na vitu vingi. Chumba walichopata kilikuwa nyuma ya kinyozi, na meza ingekula nusu yake, lakini bila meza hakuna kazi. Wifi alikuja kusaidia. Alipanda juu ya stuli akaanza kufungua vyuma vya mapazia, akiwauliza kama wamekunywa chai. Mwanga ukaingia sebuleni mpaka kwenye kona ambazo hawakuwa wakizifagia.

Binti alisimama upande mmoja wa meza, mama yake upande wa pili.

"Mama, si walisikia wote?"

"Walisikia."

"Mbona hakuna hata mmoja aliyesema kitu?"

"Walisema, mwanangu," alisema Mama Keki. "Kila mmoja alisema. Haya, inua."